Mashuti 34 kwa 19, na bado tumefungwa

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni Mkenya, naishi Winnipeg, Canada, mwaka wa tisa sasa. Hoki ya barafuni niliijua kwa mbali tu Nairobi, kwa kuwaona vijana wa timu ya Ice Lions pale hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Leo mwanangu wa miaka 12 hana mchezo mwingine. Jumamosi walifungwa 4–1 na timu waliyoizidi mashuti 34 kwa 19. Nimekutumia picha ya karatasi ya takwimu. Kocha anasema walicheza vizuri. Baba mmoja anasema shida ni kipa. Mwingine anasema watoto hawapigi vikumbo vya kutosha. Kijana wangu aliandikiwa “kutoa 2”, na usiku ule hakula. Naomba uniambie, katika mchezo huu ni namba zipi hasa zinazoleta ushindi?

Jibu: Dada, nimeikuza ile picha na kuisoma mstari kwa mstari. Mwambie kijana ale. Ile “kutoa 2” yake tutaifikia, na ina habari njema ndani yake.

Nianze na jibu lenyewe. Katika mechi moja, kinachoamua kuliko kitu kingine ni makipa: kila mmoja amezuia asilimia ngapi ya mashuti yaliyomfikia. Katika msimu mzima, kinachoamua ni timu ipi inapata nafasi nyingi za karibu na goli kuliko inazoruhusu, wakati pande zote mbili zina wachezaji watano watano mbele ya kipa. Watu huzichanganya namba hizi mbili, na ndipo ugomvi wa majukwaani unapoanza. Ya kwanza hupanda na kushuka ovyo wiki hadi wiki. Ya pili hutulia, na ndiyo mwalimu anaweza kuifundisha mazoezini. Mashuti 34 kwa 19, kwa bahati mbaya, hayakuambii lolote kati ya hayo mawili mpaka uyafumue.

Basi tuyafumue. Kipindi cha kwanza mlipiga 7, wao 9. Cha pili 12 kwa 6. Cha tatu 15 kwa 4. Sasa angalia saa za magoli: mawili ya kwanza ya wapinzani yameandikwa kabla ya dakika ya nane ya kipindi cha kwanza. Yaani wakati mechi ilikuwa bado ni ya yeyote, ninyi ndio mliokuwa mnazidiwa. Wingi wenu wa mashuti ulikuja baadaye, timu ile ikiwa imeshapata ilichokitaka na kurudi nyuma kulinda.

Hili si la watoto wa Winnipeg peke yao. Hata NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, huonekana msimu baada ya msimu: timu inayoongoza hupunguza mashuti, na iliyo nyuma huongeza. Anayeongoza hatafuti tena goli kwa nguvu. Akipata paki (kile kisahani cha mpira mgumu kinachochezewa) huitoa nje ya eneo lake, anabadilisha wachezaji waliochoka, anamwachia mpinzani apige kutoka mbali na kuziba katikati. Aliye nyuma hana cha kupoteza, mabeki wake wanapanda na kila kitu kinarushwa golini. Ukijumlisha mashuti ya mechi nzima, mara nyingi unapima nani alikuwa nyuma kwa muda mrefu. Ndiyo maana wachambuzi wanapotaka kujua timu ipi ni bora, huyapa uzito mashuti ya wakati ambapo matokeo ni sare au tofauti ni goli moja.

Kuna na suala la nini hasa kinaitwa shuti. Kwa hesabu rasmi, shuti ni lile lililoingia au lililozuiwa na kipa. Lililogonga mwamba halihesabiwi. Lililopita pembeni kwa unene wa kidole halihesabiwi, wala lile alilolizuia beki kwa mguu wake. Kwa upande mwingine, paki iliyosukumwa taratibu kutoka katikati ya uwanja na kipa akaiokota kama anayeokota sarafu, hiyo ni shuti kamili. Mimi mwenyewe huketi majukwaani na ubao wa karatasi magotini (penseli, maana wino wa kalamu huwa mzito kwenye ile baridi), na kila mechi naona mzazi aliyepewa kazi ya kuhesabu akisita: hii niiandike au nisiiandike? Wazazi wawili wakihesabu mechi moja hawapati jumla moja, na hilo si kosa lao.

Kwa sababu hiyo, miaka ya 2000 mashabiki waliopenda hesabu walianza kuhesabu majaribio yote: yaliyolenga, yaliyotoka nje na yaliyozibwa. Hesabu hiyo inaitwa Corsi, kwa jina la Jim Corsi, aliyekuwa kocha wa makipa wa Buffalo Sabres, timu ya NHL, na aliyetaka kujua makipa wake wanafanya kazi kiasi gani kwa usiku mmoja. Ukiondoa yaliyozibwa inaitwa Fenwick, kwa jina la shabiki wa timu ya Calgary. Faida yake ni wingi. Katika NHL timu hufunga magoli kama 3 kwa mechi, na mashuti rasmi ni karibu 30, lakini majaribio yote hukaribia mara mbili ya mashuti hayo. Wewe umekulia kwenye mpira wa miguu, unajua mchezo wenye magoli machache unavyoweza kumdhulumu mwenye haki. Kadiri unavyohesabu matukio mengi zaidi, ndivyo bahati inavyopungua nguvu na uwezo kuonekana mapema.

Ila majaribio nayo hayalingani, na hapa ndipo ningependa ukae kidogo. Chora kwenye karatasi nusu ya uwanja. Weka goli, upana wake mita 1.83 tu na kimo mita 1.22. Kutoka kila mlingoti chora mstari wa mshazari hadi kwenye nukta ile nyekundu iliyo katikati ya duara kubwa la upande wake, kisha panda wima hadi juu ya duara, kisha unganisha pande zote mbili. Utapata umbo kama la nyumba ambayo goli limekaa chini yake. Magoli mengi sana ya mchezo huu yanazaliwa ndani ya nyumba hiyo. Mstari wa buluu, pale eneo la kila timu linapoanzia, uko karibu mita 20 kutoka mstari wa goli; beki akipiga kutoka pale na kipa anaiona paki tangu inapotoka kwenye gongo (fimbo ya kuchezea), mashuti mia moja ya namna hiyo huzaa magoli ya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Paki ileile ikipigwa mita tano mbele ya kipa, nafasi inaongezeka mara kadhaa. Na ikiwa kipa ametema shuti la kwanza, au pasi imekatiza mbele yake kutoka ubavu mmoja hadi mwingine ikamlazimu kuteleza mwili mzima, hapo kipa yeyote yumo mashakani.

Wachambuzi wa leo wanalipatia kila jaribio bei yake kulingana na umbali, pembe, aina ya shuti na kama kipa alikuwa ametema, kisha wanajumlisha. Ni yale yale magoli tarajiwa unayoyasikia kwenye mpira wa miguu. Karatasi yako haina hesabu hiyo. Lakini uliniandikia kwamba kipindi cha tatu “walikuwa wakipiga kutoka mbali, kipa wao anadaka tu”, na sentensi hiyo moja ina thamani kuliko ile 34.

Sasa kipa. Baba yule ana hoja, ila ameifikisha mbali mno. Kwenye karatasi wapinzani wana mashuti 19 na magoli 4, lakini goli la nne lilifungwa kipa wenu akiwa ameshatolewa ili mwongeze mshambuliaji. Shuti hilo haliandikwi kwa kipa. Kwa hiyo alikabili mashuti 18, akazuia 15: asilimia 83. Inaonekana mbaya. Lakini angezuia moja zaidi, ingekuwa asilimia 89, na hakuna ambaye angemtaja. Shuti moja limehamisha hukumu nzima. Kipa wa watoto anahitaji mechi nyingi mno kabla namba yake haijaanza kusema kweli, na hata wale wa kulipwa hubadilika mwaka hadi mwaka kiasi cha kuwatesa mameneja.

Uzito wa kipa lakini usiudharau. Chukua NHL: kipa wa asilimia 92 na wa asilimia 90, kwa mashuti 30 kila mechi, wanatofautiana goli 0.6 kwa mechi. Msimu una mechi 82. Hiyo ni tofauti ya magoli 49, na kwa kawaida kila magoli kama 6 ya ziada huleta ushindi mmoja zaidi kwenye msimamo. Pointi mbili tu za asilimia, na umepata au umepoteza mechi nane. Hakuna mchezaji mwingine uwanjani mwenye mkono mrefu namna hiyo.

Mfano ambao siwezi kuusahau ni nusu fainali ya kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL, mwaka 2023, Carolina na Florida. Carolina ni timu iliyojengwa juu ya wingi wa majaribio. Kwa miaka wamekuwa miongoni mwa wanaoongoza ligi. Mechi ya kwanza ilikwenda muda wa nyongeza wa nne, karibu mechi mbili na nusu ndani ya usiku mmoja. Carolina walipiga mashuti 65, na kipa wa Florida, Sergei Bobrovsky, akazuia 63. Zikiwa zimebaki sekunde 13 kipindi kile kiishe, Matthew Tkachuk akafunga, 3–2. Mechi ya pili Florida 2–1, nyongeza tena. Ya tatu 1–0, Carolina wakiwa na mashuti 32 kwa 17. Ya nne 4–3, Tkachuk tena, zikiwa zimebaki sekunde zisizofika 5. Mechi nne, zote kwa goli moja, zote upande mmoja. Ukimwuliza mtu wa Carolina kama walicheza vibaya atakuambia hapana, na ni kweli. Walikutana na mtu aliyeruhusu magoli 6 katika mechi 4.

Je, basi timu ijenge kila kitu juu ya kipa? Toronto wamejibu swali hilo. Msimu wa 2013–14 walikuwa wakiruhusu karibu mashuti 36 kwa mechi, mengi kuliko timu yoyote ya ligi, na bado walikuwa kwenye nafasi ya kuingia mchujo wa kuwania kombe. Wachambuzi walipiga kelele kwamba jengo halina msingi. Waliitwa watu wa kompyuta wasioujua mchezo. Mwezi Machi kipa Jonathan Bernier akaumia, na baadaye mwezi huohuo Toronto wakafungwa mechi 8 mfululizo. Hawakuingia mchujo. Kiangazi kilichofuata klabu ilimwajiri Kyle Dubas, kijana mpenda takwimu, kuwa msaidizi wa meneja mkuu.

Kuna kipimo chepesi cha kumtambua aliyebebwa namna hiyo. Jumlisha asilimia ya mashuti yenu yaliyoingia na asilimia ya mashuti mliyozuia. Kwa ligi nzima jumla lazima iwe karibu na 100, kwa sababu kila goli la mmoja ni pengo la mwingine. Timu iliyo juu sana ya 100 baada ya mechi chache huwa inashuka, na iliyo chini hupanda. Ninyi Jumamosi: goli 1 kwa mashuti 34 ni asilimia 3, ongeza 83, jumla 86. Hakuna timu inayoishi kwenye 86. Hata bila kubadilisha chochote, mechi zijazo zitawatendea mema zaidi kuliko hiyo.

Goli la tatu liliingia mmoja wenu akiwa amekaa kwenye sanduku la adhabu (aliyekosea hukaa nje kwa muda, timu yake ikibaki pungufu), na hapa nitasema kwa ukali kidogo: adhabu za uvivu ndizo njia rahisi ya kupoteza mechi ya watoto. Katika NHL timu yenye mtu wa ziada hufunga karibu mara moja katika kila nafasi tano. Ukimpa mpinzani nafasi tano, umempa goli. Kwenye karatasi yenu mna adhabu 5, na 3 ni za kukwatua kwa gongo, yaani mtu amepitwa, amechelewa kurudi, ananyoosha mkono. Hilo ni suala la miguu kabla halijawa la nidhamu. Lakini nayo isiwe ndiyo timu nzima. Edmonton msimu wa 2022–23 walitumia asilimia 32.4 ya nafasi zao za mtu wa ziada, rekodi ya ligi, na wakatolewa raundi ya pili na Vegas, waliochukua kombe. Zaidi ya dakika 45 kati ya 60 huchezwa watano kwa watano. Huko ndiko maisha yaliko.

Kuhusu vikumbo, mwambie yule baba mwingine kwamba Hockey Canada, shirikisho la hoki la nchi hiyo, ilipiga marufuku kukumbana kwa mwili katika rika la mwanao tangu 2013, kwa sababu ya majeraha ya kichwa. Na hata kwa wakubwa, timu yenye vikumbo vingi mara nyingi ni ile isiyo na paki; huwezi kumkumba mtu wakati paki unayo wewe. Kushinda paki ya kuanzishia, ile mwamuzi anayoidondosha kati ya wachezaji wawili, pia kunapewa sifa kuliko uzito wake: timu nyingi zimo kati ya asilimia 45 na 55, na kila ushindi mmoja una thamani ndogo sana. Goli la kwanza? Ndiyo, anayetangulia kufunga hushinda karibu mechi mbili kati ya tatu, lakini katika mchezo wa magoli sita kwa jumla, goli lolote ni mtaji mkubwa. Huwezi kufanyia mazoezi “goli la kwanza”. Unaweza kufanyia mazoezi dakika za kwanza, na zile dakika nane zenu zinastahili mazoezi.

Ipo namba moja ambayo ningeifundisha kila timu ya watoto, na haimo kwenye karatasi: mmeingiaje eneo la mpinzani? Kuna njia mbili kubwa. Mchezaji anavuka mstari wa buluu akiwa na paki kwenye gongo lake, au anaitupa ndani ya kona na kuikimbilia. Eric Tulsky, mwanakemia kwa taaluma, alifuatilia jambo hili mechi baada ya mechi pamoja na wenzake, wakaona kwamba kuingia na paki huzaa mashuti karibu mara mbili ya kuitupa. Tangu 2024 mtu huyo ndiye meneja mkuu wa Carolina. Watoto hutupa kwa sababu wanaogopa kunyang'anywa na kusemwa. Kocha akiwaruhusu kukosea pale mstarini, mashuti ya ndani ya nyumba yatakuja yenyewe.

Sasa “kutoa 2”. Hesabu hii humwongezea mchezaji 1 timu yake ikifunga akiwa barafuni, na kumpunguzia 1 ikifungwa, bila kuhesabu magoli ya timu iliyo na mtu wa ziada. Kwa mtu kama Bobby Orr, beki wa Boston, aliyefika kuongeza 124 msimu wa 1970–71, ilisema kitu. Kwa mtoto katika mechi moja haisemi kitu. Nimefuata namba ya jezi yake kwenye karatasi. Moja ya hizo mbili ni lile goli la pili la mapema, beki akiwa ameteleza na mwanao yuko upande wa pili wa uwanja. Nyingine ni goli la nne, nyavu zikiwa tupu. Hebu fikiria kilichotokea pale: zimebaki dakika mbili, timu iko nyuma magoli mawili, kocha anamtoa kipa na kuchagua watoto sita wa kujaribu kuokoa mechi. Akamchagua mwanao. Ile “kutoa 1” aliipata kwa kuaminiwa. Kama kuna jambo moja tu utakalomsomea kutoka kwenye barua hii, msomee hilo, leo.

Na wewe, mechi ijayo chukua penseli na ile michoro miwili ya nyumba, mmoja wa goli lenu na mmoja wa goli lao. Weka nukta kila jaribio linapopigwa, lililozibwa lizungushie duara. Pembeni chora kijiti kila mwanao na wenzake wanapovuka mstari wa buluu na paki. Tofauti ikifika magoli mawili, kwa upande wowote, acha karatasi hiyo na uanze nyingine, usichanganye. Fanya hivyo mechi sita au saba, kisha nipigie picha karatasi zile za kwanza tu.